Filamu ya Gertrude Benham: kumfuata mpanda milima aliyeacha vitu vingi kuliko picha

Kiangazi cha mwaka 1904, Gertrude Benham, Mwingereza mzaliwa wa London wa mwaka 1867, alifika milima ya Rockies nchini Kanada akapanda kilele baada ya kilele. Alifika juu ya Mount Assiniboine, ambako hakuna mwanamke aliyemtangulia, na juu ya Mount Fay, ambako hakuna mtu yeyote aliyekuwa amekanyaga. Waongozaji wake walikuwa ndugu wawili wa Uswisi, Hans na Christian Kaufmann, na majina yao yameandikwa pamoja na lake katika kumbukumbu za milima hiyo.

Mwaka 1909 alikuwa Kilimanjaro, nchi ikiwa chini ya Wajerumani. Simulizi iliyobaki inasema njiani walikuta mifupa ya watu wawili wa msafara uliotangulia, wapagazi wakakataa kwenda mbele, naye akachukua vitu vyake akaendelea peke yake kuelekea kreta ya Kibo. Katika simulizi hiyo hakuna mpagazi hata mmoja mwenye jina.

Mtu anayetaka kutengeneza dokumentari ya Benham aanzie kwenye tofauti hiyo. Mkoloni wa Ulaya aliwaandika waongozaji wa Ulaya. Wabeba mizigo wa Kilimanjaro wakabaki "wapagazi". Filamu nyingi za waanzilishi wa milima hupita juu ya jambo hili kwa sekunde tano, mpagazi mmoja akionekana kwa mbali, muziki ukipanda, kisha kilele. Sisi tunashauri kinyume: dakika 52 za kipindi zipangwe ili mtazamaji ajue Benham alikuwa nani, na pia aone nani alibeba chakula chake, kwa uzito gani, kwa viatu gani. Kila uamuzi wa kiufundi ulioelezwa hapa chini unatoka kwenye shabaha hiyo.

Kwanza hesabu ulicho nacho. Picha za Benham mwenyewe ni chache mno, hazitoshi hata dakika tatu bila kurudiwarudiwa. Alichoacha kwa wingi ni vitu. Katika miaka ya 1930 aliikabidhi makumbusho ya mji wa Plymouth, Uingereza, vitu vipatavyo 800 alivyokusanya akizunguka dunia: nguo, mapambo, vyombo vya chuma na vya udongo, kazi za mkono za kila namna. Mkusanyiko huo sasa uko The Box, jengo la makumbusho lililofunguliwa Plymouth mwaka 2020. Naye mwenyewe alikuwa mtu wa sindano na uzi, na katika safari alibadilishana kazi zake za mkono na za wenyeji. Kwa mtengeneza filamu hiyo ni bahati kubwa, maana mshono unapigwa picha vizuri kuliko uso uliofifia wa picha ya 1910.

Usijaribu kuonyesha vitu 800. Chagua sita, vikizidi vinane. Kigezo cha kwanza kiwe lebo: kitu chenye mahali na mwaka kina thamani kuliko kitu kizuri kisichojulikana kilikotoka. Kigezo cha pili ni alama ya matumizi, yaani kiraka, tundu, doa la mafuta, ukingo uliochakaa. Kitu kilichotumika kina mtu nyuma yake.

Makumbusho ina sheria zake za mwanga, na hapa wapiga picha wengi hukwama. Kwa nguo, karatasi na vitu vilivyotiwa rangi, kiwango kinachotumika duniani ni luksi 50, kikipimwa pale kitu kilipo, si pale taa ilipo. Ni giza kuliko unavyofikiri. Kwa picha jongefu za fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50 (muda wa mwanga kuingia, sehemu ya sekunde) na lenzi iliyofunguliwa f/2.8 (namba ndogo, tundu kubwa), utahitaji ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) kama 2000, na lenzi ya karibu ikiwa wazi hivyo ni nyuzi mbili tatu tu zitakazokuwa makini, nyingine zote ukungu. Kuna njia mbili za kutoka. Kwa kuwa kitu hakitembei na kamera iko kwenye stendi, shusha shata hadi 1/25 upate mwanga maradufu. Au, na hii ndiyo bora kwa mishono, piga picha mnato: f/11, ISO 100, sekunde 6, kisha uisogeze polepole kwenye uhariri. Ubora wake utazidi wa video yoyote. Zima mtambo wa kutuliza mtikisiko ndani ya lenzi kamera ikiwa kwenye stendi, vinginevyo wenyewe ndio utaleta mtikisiko ndani ya hizo sekunde sita.

Omba upande wa nyuma wa nguo. Mbele unaona ua. Nyuma unaona fundi alipoanzia, alipofunga fundo, uzi ulipomwishia akaunga mwingine wa rangi inayokaribiana. Lakini mwombe mtunzaji aigeuze yeye. Wewe huna ruhusa ya kugusa, na ukijifanya unayo, siku yako imekwisha.

Sasa hakimiliki, sehemu inayoua filamu nyingi baada ya pesa kuisha. Benham alifariki Februari 1938, akiwa melini karibu na pwani ya Afrika Mashariki, akazikwa baharini. Kwa sheria ya Uingereza, hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo maandishi yake yaliyochapishwa wakati wa uhai wake yako huru tangu Januari 2009. Wengi huishia hapo wakidhani kazi imekwisha. Barua na daftari ambazo hazikuwahi kuchapishwa zina kanuni yake: kwa mwandishi aliyekufa kabla ya 1969, maandishi ambayo yalikuwa hayajachapishwa hadi Agosti 1989 yanalindwa hadi mwisho wa mwaka 2039. Maana yake, barua ya mwaka 1909 unaweza kuisoma kwenye meza ya maktaba, lakini kuisomesha na msimulizi kwenye televisheni kunahitaji ruhusa ya warithi. Warithi wasipopatikana baada ya kutafutwa kwa dhati, ofisi ya haki bunifu ya Uingereza ina utaratibu wa leseni kwa kazi zisizo na mwenyewe anayejulikana. Weka kumbukumbu ya kila barua pepe uliyotuma ukitafuta; ndiyo itakayoulizwa.

Leseni ya picha isome mara mbili. Inataja nchi, muda na njia ya kuonyeshwa. Leseni ya "matamasha tu" ni rahisi bei, na filamu ikipata mteja wa televisheni utarudi kununua upya kwa bei ya mtu asiye na pa kukimbilia. Kabla ya kusaini ya bei rahisi, andikisha ndani ya mkataba uleule bei ya kupandisha daraja baadaye. Na kumbuka kuna malipo mawili tofauti: haki ya kilichomo ndani ya picha, na ada ya makumbusho kukupa faili lake la picha.

Kwa upande wa Kilimanjaro ya 1909, nyaraka zimetawanyika. Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina mafaili ya utawala wa Kijerumani. Hifadhi ya nyaraka za taifa ya Ujerumani, Berlin, ina mafaili ya wizara ya makoloni katika fungu R 1001. Magazeti ya wakati ule ni ya kupekuliwa kurasa kwa kurasa: Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, Usambara-Post la Tanga, na lile la Kiswahili, Kiongozi, lililochapishwa Tanga tangu 1904. Hilo la mwisho watafiti wa Ulaya hulisahau kwa sababu hawalisomi. Wewe unalisoma. Ukitafuta kwenye orodha za kidijitali, usiandike Kilimanjaro pekee. Jaribu Kilimandscharo na Kilima-Ndjaro, na Moshi uiandike Moschi. Mafaili ya mkono yako katika hati ya kale iitwayo Kurrent ambayo hata Mjerumani wa leo wengi wao hawaisomi, kwa hiyo tenga fungu la msomaji wa hati tangu bajeti ya kwanza.

Picha za wakati huo zipo. Wamisionari wa Leipzig walikuwa Uchagani tangu mwisho wa karne ya 19 na walipiga picha nyingi, sehemu kubwa sasa ikionekana mtandaoni kupitia hifadhi ya picha za misheni ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Hapo kuna mtego. Utapata picha safi ya wanaume saba wenye mizigo kichwani, mlima nyuma yao, ukashawishika kuiweka pale msimulizi anapowataja wapagazi wa Benham. Si wao. Ukiiweka bila maandishi, mjukuu wa mmoja wa wale saba ataona babu yake ameambiwa alimkimbia mzungu mlimani. Andika chini ya picha mahali, mwaka na aliyepiga, kila mara, hata kama mhariri analalamika kwamba maandishi yanachafua fremu. Na yachafue.

Tukio la mifupa ndilo kila mfadhili atataka lionekane. Njia ya mkato ni kukodi mwigizaji, sketi ndefu, ukungu wa mashine na fuvu la plastiki. Tunaikataa, na si kwa ajili ya bajeti. Tukio lina upande mmoja tu wa kulisimulia, na mara ukiliigiza umeshachagua sura za wapagazi: woga, ushirikina, macho yametoka. Mtazamaji hatakumbuka kwamba hayo umeyaweka wewe.

Badala yake onyesha masharti ya kazi. Mzigo wa msafara wa Afrika Mashariki enzi hizo ulikuwa karibu frasila mbili, na frasila ni kama kilo 16, kwa hiyo mtu alibeba kilo 30 na kidogo juu ya ngata. Posho ilikuwa nafaka, kwa kawaida ikipimwa kwa kibaba. Joto hushuka kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda: ukiacha nyuzi 25 kwenye tambarare ya mita 900, kwenye mita 5,700 unakuta nyuzi 6 chini ya sifuri kabla upepo na usiku havijaongeza yao. Weka mizani juu ya meza, funga furushi la kilo 32, mwite mgumu, yaani mpagazi wa leo wa mlimani, mwenye uzoefu alibebe hatua ishirini mbele ya kamera bila kukata. Hapo mtu aliyeona mifupa akasema "mimi siendi" anaonekana ni mtu mwenye akili timamu aliyepiga hesabu. Msimulizi aseme sentensi moja tu: simulizi iliyobaki inasema walikuta mifupa, wapagazi wakakataa kuendelea. Asiseme walikimbia, wala asiseme waliogopa mizimu. Halijaandikwa na mwenyewe, usimwandikie.

Na kwa Benham pia kuwa makini. Usimwite mwanamke wa kwanza kufika kilele cha Kilimanjaro. Hiyo ni ya Sheila MacDonald, 1927. Kilele wakati wa Benham kiliitwa Kaiser-Wilhelm-Spitze, na kipimo cha Hans Meyer, aliyefika mwaka 1889, kilikuwa mita 6,010, wakati leo Uhuru ni 5,895. Ramani zako za kuchora zitumie majina na urefu wa wakati husika, na usichore mipaka ya leo ya Tanzania, Kenya na Zambia chini ya mstari wa safari yake. Broken Hill aliyopitia ndiyo Kabwe. Abercorn ndiyo Mbala. Weka yote mawili. Reli ya kutoka Tanga nayo isichorwe ikifika Moshi, maana haikufika hadi 1911.

Mlima wenyewe umebadilika kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba kama 12. Kufikia 2007, asilimia 85 ya hiyo ilikuwa imetoweka. Kwa hiyo picha yako nzuri ya leo ya Kibo, mwamba mtupu na mabaka ya barafu pembeni, haiwezi kusimama badala ya Kibo aliyoiona Benham. Dawa ipo: mwaka huohuo wa 1912 Mjerumani Fritz Klute, aliyepanda Mawenzi pamoja na Eduard Oehler, alipima mlima kwa picha, na ramani yake ndiyo msingi wa makadirio ya barafu ya zamani. Piga Kibo ukiwa kwenye Tandiko, uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi, kamera imetulia kabisa, kisha mchoraji afunike mpaka wa barafu wa 1912 juu ya picha hiyo. Sekunde kumi na mbili zinatosha. Vibanda navyo visionekane unaposimulia 1909. Vya kwanza vilijengwa 1912.

Kuhusu Kanada tutapita haraka. Mbuga za taifa zinataka kibali cha kupiga filamu na haziruhusu droni kwa mtu wa kawaida. Makumbusho ya Whyte mjini Banff ina picha za zamani za milima hiyo. Siku tatu nne zinatosha, na Mount Fay inapigwa vizuri kutoka upande wa Moraine Lake bila kupanda kitu.

Tanzania anza na Bodi ya Filamu kwa kibali cha kupiga, kisha TANAPA kwa ajili ya hifadhi yenyewe. Droni ina njia yake: mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, pamoja na ruhusa ya hifadhi, na usiipeleke getini ukitumaini kuelewana. Andaa orodha ya kila kifaa na namba yake. Itaombwa uwanja wa ndege, itaombwa getini, itaombwa ukitoka.

Njia ya Marangu inafaa kwa filamu hii. Iko upande wa kusini-mashariki, ambako wapandaji wa enzi ya Wajerumani walizoea kupandia, na ina vibanda vya kulala, yaani sehemu kavu ya kufanyia kazi za kamera. Geti liko kama mita 1,870, kibanda cha Mandara 2,720, cha Horombo 3,720, cha Kibo 4,720. Watalii huimaliza kwa siku tano au sita. Timu ya filamu ipewe nane: siku mbili za ziada Horombo, za kuzoea hewa na za kupiga picha Tandiko. Mpiga kamera husimama, hupiga magoti, hukimbia mbele ya watu ili awapige wakija. Anatumia pumzi nyingi kuliko mtalii, na ndiye wa kwanza kuumwa kichwa.

Kosa kubwa kuliko yote ya kiufundi mlimani halihusu kamera. Wagumu hutembea haraka ili wakute kambi, wapike, wapange. Stendi yako ikiwa kwenye mzigo wa kawaida, saa nne asubuhi iko mbele yako saa mbili nzima, wewe umebaki na tukio zuri na mikono inayotetemeka. Tenga wagumu wawili wa kamera wanaotembea na wewe, si na kambi, na uwalipe kama wale wanaopanda hadi kileleni. Mzigo unapimwa getini na kikomo ni kilo 20 kwa mtu. Gawa mwenyewe nyumbani kwa mizani ili usianze kufungua makasha ya lenzi kwenye matope. Kamera na lenzi mbili ni kama kilo tatu na nusu, stendi ya kaboni tatu, maiki na kinasa sauti mbili, betri nne, na kilichobaki ni nguo zako ambazo utatamani zingekuwa nyingi.

Betri za lithiamu hazifi kwa baridi, zinasinzia. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri betri iliyokupa saa moja na nusu Moshi inaweza kukupa nusu yake, kisha ukiipasha mfukoni inarudi. Zibebe ndani kabisa, karibu na mwili, mbili zikizunguka: moja kwenye kamera, moja kwapani. Usiku zilale ndani ya mfuko wa kulalia pamoja nawe. Maiki zisizo na waya ziwekee betri kavu za lithiamu, si alkalini. Alkalini hufa mapema kwenye baridi. Ndegeni betri zote ni mizigo ya mkononi. Zilizo chini ya wati-saa 100 hazina tatizo. Za 100 hadi 160 zinaruhusiwa mbili tu, kwa idhini ya shirika.

Unaporudi kutoka nje kwenye baridi na kuingia kibanda cha Kibo chenye watu thelathini wanaopumua, lenzi itatoka jasho, na si nje tu bali ndani pia. Kabla ya kuvuka mlango, tia kamera kwenye mfuko wa nailoni, funga kabisa, iache humo dakika 40. Unyevu utatua juu ya mfuko.

Diski za kuzunguka acha Moshi. Kichwa chake cha kusomea huelea juu ya mto mwembamba wa hewa, na nyingi zimetengenezwa kwa matumizi yasiyozidi mita 3,000. Juu ya hapo hewa ni nyepesi, kichwa kinagusa, data zinakwenda. Tumia SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Hesabu ya nafasi ni hii: video ya megabiti 150 kwa sekunde inakula gigabaiti 67 kwa saa. Ukirekodi saa moja na nusu kwa siku, siku nane ni kama gigabaiti 810. SSD mbili za terabaiti moja, kila moja na nakala kamili, kila moja kwa mtu tofauti. Ukiweza, usifute kadi hata moja hadi mshuke.

Mwanga wa juu ni wa kikatili kwa namna inayohusu filamu hii hasa. Kipimo cha kamera kinaona barafu nyeupe, kinaamua kuna mwanga mwingi, kinafunga. Uso wa mgumu unakuwa kivuli chenye meno. Filamu ngapi za Kilimanjaro zimetuonyesha watu weusi wasio na sura! Pima uso, si theluji. Kwenye skrini ya vipimo, ngozi nyeusi ikae kati ya asilimia 40 na 55, kisha angalia barafu isivuke 95. Ikivuka, badilisha mahali pa kusimama kuliko kumzamisha mtu gizani: mgeuze ili barafu imrudishie mwanga usoni badala ya kuwa nyuma yake. Saa sita mchana jua liko utosini na kofia inafunika macho, hakuna ujanja wa kamera hapo. Piga saa moja hadi saa tatu asubuhi, rudi tena saa kumi. Kichujio cha kupunguza mwanga cha stopu sita ni cha lazima ili shata ibaki 1/50. Lenzi usibadilishe Tandiko, kuna vumbi la volkano laini linaloingia kwenye kihisio na kukaa humo hadi uhariri.

Sauti ifungwe manyoya, na maiki ya kifuani ishonwe ndani ya sweta, mbali na jaketi la nailoni linalonguruma kila mtu akisogeza mkono. Pumzi za watu kwenye kokoto usizifute. Kila mahali rekodi dakika moja ya ukimya wa mahali, watu wote wamesimama, mhariri atakushukuru.

Usiku wa kileleni mnaondoka Kibo karibu saa sita. Panga safari iangukie mbalamwezi, maana taa za kichwani peke yake zinakupa nukta zinazocheza gizani. Kabla ya kutoka, weka kila kitu: kipimo cha rangi, ISO, umakini ukifungwa kwa gundi ya karatasi. Juu ya mita 5,500 vidole havibonyezi vitufe vidogo na akili haikumbuki menyu. Na uamuzi wa nani ashuke ni wa mwongozaji mkuu, si wa mkurugenzi wa filamu. Mtu anayeyumba kama mlevi, au anayekohoa maji yenye povu, anashushwa dakika hiyohiyo, hata kama ndiye pekee anayejua kutumia kamera.

Mahojiano Marangu yanataka mkalimani wa Kivunjo. Usimlete mtu wa Machame kwa kuwa "wote ni Wachagga". Lugha zinatofautiana na mzee atahamia Kiswahili cha heshima, akupe maneno ya heshima yasiyo na kitu ndani. Shikamoo kwanza, kaa, kunywa ulichopewa, kamera ibaki kwenye begi. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili na isomwe kwa sauti. Swali lisiwe "Je, babu yako alimbeba mzungu mwanamke?" Watu ni waungwana, watakukubalia. Uliza: "Ukoo huu nani walipanda mlima kabla ya vita ya Wajerumani?" kisha andika vizazi kimoja kimoja, baba wa nani, rika gani. Kumbukumbu nyingi zimejikusanya kwenye jina la Yohani Kinyala Lauwo, anayekumbukwa kama mwongozaji wa Meyer, na hadithi za wengine humezwa humo. Mzee akisema "sijui", acha kamera iendelee. Jibu hilo lina nafasi ndani ya filamu.

Katika uhariri, nakili mahojiano yote kwa maandishi na saa zake kabla ya kukata hata picha moja. Manukuu ya chini yana shida yake: kiwango ni herufi 42 kwa mstari, mistari miwili, herufi kama 17 kwa sekunde, na maneno yetu mawili tu "walivyokuwa wakimsubiri" yanakula zaidi ya nusu ya mstari. Usitafsiri kila neno. Fupisha, na ukishindwa, muache msemaji apumzike sekunde moja zaidi kwenye picha. Toleo la Kiswahili lipewe msimulizi wa sauti kamili badala ya manukuu, maana wazee wengi hawasomi herufi za skrini wakiwa safu ya nyuma.

Majina ya wagumu, wapishi na waongozaji wa safari yako yaandikwe mwishoni kamili, majina yote mawili na kijiji, kwa ukubwa uleule wa mkurugenzi. Yakusanye Horombo siku ya kupanda, kila mtu aandike lake kwa mkono wake. Ukingoja getini siku ya kushuka, kuna bahasha za malipo, mabasi yanapiga honi, na nusu yao wameshaondoka. Onyesho la filamu iliyokamilika kwa watu wa Marangu lianze baada ya saa moja na nusu jioni, giza likishakamilika. Projekta ya lumeni 4,000 inatosha kwa kitambaa cha mita tatu. Jenereta ikae mita 30 nyuma ya jengo, upande upepo unakoelekea, na uwe na waya mrefu wa kutosha kuifikia.